Skana ya Mkononi Huanza na Taa

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ni mahali pazuri pa kupimia kifaa chochote kinachotegemea mwanga. Mji wa Kamembe umekaa juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishuka kusini hadi bonde la Bugarama, unafika mita 950, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, yenye joto na jua kali. Ndani ya wilaya hiyohiyo kuna mashamba ya chai ya Shagasha yanayopata ukungu na mvua za upande wa msitu wa Nyungwe, kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, na kuna mto Rusizi wenyewe, ambao ng'ambo yake ni Bukavu na Kivu Kusini. Saruji, chai, dawa, vipuri na madini vina jambo moja linalovifananisha: kila mzigo una namba, na namba hiyo lazima isomwe mara kadhaa kabla mzigo haujafika unakokwenda. Kusoma kwa jicho na kuandika kwa kalamu kunazidi kuachwa. Skana ya mkononi ndiyo inayoshika nafasi. Hoja ya makala hii ni kwamba uwezo wa skana hiyo kufanya kazi katika mazingira kama ya Rusizi unaamuliwa kwanza na taa zake, pili na fokasi yake, na mwisho kabisa na yale ambayo wauzaji huyatangaza zaidi: idadi ya pikseli, kasi ya kichakataji na bei.

Tuanze na jinsi kifaa chenyewe kinavyoona. Msimbopau wa kwanza wa bidhaa za dukani ulisomwa tarehe 26 Juni 1974 katika duka la Marsh, mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, na kwa miaka mingi baada ya hapo kazi hiyo ilifanywa na leza: doa la mwanga mwekundu lilipita juu ya mistari, kifaa kikapima mwanga uliorudi, kikatofautisha cheusi na cheupe. Leza ilikuwa na neema moja kubwa. Ilikuja na mwanga wake uliokolea, na kwa kuwa miale yake haitawanyiki upesi, suala la fokasi halikumsumbua sana mtumiaji. Kisha ikaja misimbo ya mraba. Data Matrix ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso nchini Japani wakatoa msimbo wa QR kwa ajili ya viwanda vya magari. Msimbo wa mraba hausomeki kwa mstari mmoja wa leza. Unahitaji picha nzima. Hapo ndipo skana ilipogeuka kuwa kamera, na kamera ikarithi matatizo yote ya kamera: mwanga mdogo, mng'ao, kivuli, kutikisika kwa mkono, na umbali unaobadilika. Mtu anayenunua skana leo ananunua mfumo wa taa na lenzi uliofungwa ndani ya mpini wa plastiki, hata kama karatasi ya maelezo haisemi hivyo.

Mfano ulio karibu zaidi na Rusizi ni tagi za madini. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini yanayotoka Kongo na nchi jirani yanafadhili vita, mpango wa ITSCI wa sekta ya bati na tantalamu ulianza kufunga tagi kwenye magunia ya kasiterite, koltani na wolframu. Rwanda ilianza kuutumia nchini kote mwaka 2011. Kivu Kusini ilifuata Oktoba 2012, katika mgodi wa Kalimbi ulioko Nyabibwe, wilaya ya Kalehe. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya nao ukaanza kutekeleza kanuni yake kwa waagizaji wa madini hayo. Tagi yenyewe ni kipande cha plastiki chenye namba ya pekee na msimbopau. Moja hufungwa mgodini, nyingine baadaye mzigo unapochakatwa au kuunganishwa, na taarifa za kila tagi huingizwa kwenye madaftari na baadaye kwenye kanzidata. Mlolongo huo wote hautegemei kitu kingine zaidi ya namba kusomwa sawasawa kila gunia linapobadilisha mikono.

Sasa tuiangalie tagi hiyo kwa karibu, kama skana inavyoiona. Plastiki yake ni laini, na kitu laini huurudisha mwanga kwa pembe ileile ulioingilia. Skana nyingi za bei nafuu zina taa mbili za LED zilizobanwa kando ya lenzi. Mfanyakazi akiielekeza skana wima kabisa juu ya tagi, mwanga wa taa hizo unapiga plastiki na kurudi moja kwa moja ndani ya lenzi. Katikati ya picha panatokea doa jeupe, na mistari iliyo chini ya doa hilo hupotea. Wazoefu wa kazi hii hujifunza wenyewe kuinamisha mkono kidogo, digrii kumi na tano hivi, ili mng'ao uelekee pembeni. Mbinu hiyo inasaidia, na msimbopau una huruma ya aina yake, kwa kuwa mistari yake ni mirefu: doa likifunika sehemu ya juu tu, skana inaweza kusoma sehemu ya chini. Lakini gunia limelala juu ya magunia mengine, tagi imepinda, tope la mgodi limekauka kwenye nusu yake, na mfanyakazi ana magunia mia moja ya kumaliza kabla lori halijaondoka. Kumtegemea yeye arekebishe pembe kwa kila tagi ni kumbebesha kazi ambayo mbuni wa kifaa alipaswa kuifanya.

Mbuni ana njia tatu za kuifanya. Ya kwanza ni kuzisogeza taa mbali na lenzi ili mwanga uingie kwa ubavu. Ya pili ni kuutawanya kwa kuupitisha kwenye plastiki yenye ukungu, ili uifikie tagi kutoka pande nyingi na pasiwe na doa moja kali. Ya tatu ni kichujio cha polaraizi: kimoja mbele ya taa, kingine mbele ya lenzi, vikiwa vimepishana kwa digrii 90. Mwanga unaorudi kama kwenye kioo hubaki na mwelekeo wake wa awali, kwa hiyo kichujio cha pili huuzuia; mwanga uliogonga wino na kutawanyika huwa umepoteza mwelekeo huo, na sehemu yake hupenya. Mng'ao hutoweka na mistari hubaki. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu kila kichujio hula nusu au zaidi ya mwanga, na kinachobaki hakizidi robo. Kwa hiyo skana yenye polaraizi na taa dhaifu ni kazi bure. Skana nzuri za viwandani hutatua hili kwa kuwa na makundi mawili ya taa, moja lenye vichujio na moja lisilo navyo, kisha kifaa hupiga picha kwa kupokezana hadi picha moja ifaulu.

Ukienda kwenye mfuko wa saruji tatizo linageuka. Karatasi ya kaki haing'ai, kwa hiyo polaraizi haina kazi kubwa pale. Kinachoamua ni rangi ya mwanga. Karatasi ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu vizuri na hunyonya wa buluu. Chini ya taa nyekundu mfuko huonekana mweupe na wino mweusi hubaki mweusi, utofauti unakuwa mkubwa. Chini ya taa ya buluu mfuko uleule unakuwa giza na msimbo unamezwa. Lakini taa nyekundu ina mtego wake: msimbo uliochapwa kwa wino mwekundu hauonekani kabisa, kwa sababu wino na karatasi hurudisha mwanga sawa. Meneja wa masoko anayetaka msimbo ulingane na rangi za nembo anaweza kuharibu kazi ya ghala zima bila kujua. Uamuzi kuhusu rangi ya wino na uamuzi kuhusu rangi ya taa ni uamuzi mmoja, na unapaswa kufanywa na watu waliokaa meza moja.

Vumbi la saruji linaleta suala jingine ambalo wanunuzi hulipuuza, nalo ni kioo cha mbele. Watu huangalia kiwango cha IP65, ambacho kinaahidi kwamba vumbi haliingii ndani na kwamba kifaa kinastahimili maji yanayorushwa. Ahadi hiyo inahusu ndani. Haisemi lolote kuhusu vumbi lililotua juu ya kioo. Katika skana ambayo taa na lenzi vinakaa nyuma ya kioo kimoja, chembe zilizotua hapo huangazwa na taa zenyewe, zinatawanya mwanga kuelekea lenzi, na picha nzima hufunikwa na ukungu wa kijivu. Mfanyakazi hufuta kioo kwa shati. Saruji ni chembe ngumu, nazo huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo unakuwa chanzo kipya cha ukungu uleule. Baada ya miezi michache skana inalaumiwa kwamba imezeeka. Muundo bora hutenganisha dirisha la taa na dirisha la lenzi, au huweka ukuta mdogo katikati yake, na hutumia kioo kigumu kinachoweza kubadilishwa. Na mtumiaji aambiwe mapema: puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Mfano wa tatu ni chuma. Juu ya mto Rusizi kuna vituo vya umeme, Rusizi I cha mwaka 1958 na Rusizi II cha mwaka 1989, na kila kituo cha aina hiyo, kama ilivyo kwa kila kiwanda chenye mitambo, huishi kwa vipuri: beringi, vali, pampu. Siku hizi vipuri vingi huja na msimbo wa Data Matrix uliogongwa kwa nukta au kuchomwa kwa leza juu ya chuma chenyewe, kwa sababu lebo ya karatasi haivumilii mafuta na joto. Hapa hakuna wino. Nukta ni shimo dogo lenye rangi ileile ya chuma kinachoizunguka, na kinachoitofautisha ni kivuli chake tu. Mwanga ukitoka mbele, chuma chote kinang'aa na shimo halionekani. Mwanga ukiingia chini chini, karibu sambamba na uso wa chuma, sehemu tambarare huwa giza na kingo za mashimo huwaka. Chuma kikiwa cha duara na kimesuguliwa, hata hilo halitoshi; unahitaji kuba la mwanga uliotawanywa kutoka kila upande. Jambo hili ni zito kiasi kwamba kiwango cha kimataifa cha kupima ubora wa misimbo ya aina hii, ISO/IEC 29158, kinataka mwanga wenyewe uandikwe: umetoka digrii 30, 45 au 90, na kutoka upande mmoja, pande mbili au nne. Kiwango kinakiri kwamba msimbo uleule unaweza kupata alama nzuri chini ya mwanga mmoja na kushindwa chini ya mwingine. Kwa chuma, swali la kama msimbo ni mzuri halina jibu mpaka useme umeuangazia vipi.

Kutoka hapa tunaweza kuingia kwenye fokasi, na ndipo uhusiano kati ya vitu hivi viwili unapojitokeza wazi. Chukua msimbo ambao kila kisanduku chake, cheusi au cheupe, kina upana wa milimita 0.25. Mkono wa mtu anayefanya kazi haraka unaweza kusogea nusu mita kwa sekunde. Kihisi cha kamera kikipokea mwanga kwa sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, picha inasogea milimita 0.5, yaani visanduku viwili. Msimbo umevurugika kabla programu haijagusa chochote. Ukipunguza muda huo hadi sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, msogeo unakuwa milimita 0.05, na msimbo unasomeka. Lakini umepunguza mwanga mara kumi, na ni taa pekee zinazoweza kuurudisha. Sasa ongeza hitaji la fokasi. Mfanyakazi hashiki rula. Mara yuko sentimita kumi kutoka kwenye tagi, mara arobaini. Ili picha iwe kali katika masafa hayo yote bila kurekebisha lenzi, unapunguza tundu la lenzi. Ukilipunguza kipenyo chake kwa nusu, kina cha fokasi kinakaribia kuongezeka maradufu, lakini mwanga unaopita unabaki robo. Na kwa kuwa mwanga wa taa hutawanyika unaposafiri, umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaoifikia tagi unabaki robo pia. Zidisha: anayetaka kina maradufu cha fokasi kwa umbali maradufu, bila kurefusha muda wa picha, anahitaji taa zenye nguvu mara kumi na sita. Fokasi, kwa maneno mengine, hununuliwa kwa mwanga. Mtengenezaji anayekuahidi masafa marefu ya kusoma bila kukueleza taa zake anakuahidi kitu ambacho hajakilipia.

Kuna wanaosema kwamba lenzi za kisasa zimeuvunja mnyororo huo. Ni kweli kwa sehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanafizikia Mfaransa Bruno Berge na kampuni yake ya Varioptic, mjini Lyon, walileta sokoni lenzi ya kimiminika: mafuta na maji vimefungwa pamoja, na volti inayobadilika hubadilisha mbinuko wa mpaka kati yake, hivyo fokasi husogea kwa muda wa milisekunde bila gia wala mota. Skana yenye lenzi ya namna hiyo haihitaji kubana tundu, kwa hiyo haipotezi mwanga. Wengine huweka kamera mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Hata hivyo fokasi kali haiongezi pikseli. Kihisi chenye pikseli 1,280 kwa upana, kikitazama eneo la milimita 100, kinakipa kisanduku cha milimita 0.25 pikseli tatu na kidogo, nazo zinatosha. Rudi nyuma hadi eneo liwe milimita 200, kisanduku kinabaki na pikseli 1.6, na hakuna lenzi itakayookoa hali. Tena lenzi ya kimiminika lazima ijue pa kwenda, na inajua kwa kuangalia picha. Tagi iliyofunikwa na mng'ao au giza haina kingo za kuishikilia fokasi. Teknolojia hii ni nzuri na inastahili kununuliwa pale ambapo umbali hubadilika sana. Inakuja, hata hivyo, baada ya taa.

Jua la mpakani linastahili kutajwa peke yake. Mchana usio na mawingu katika nchi zetu jua humwaga mwanga wa lakisi 100,000 hivi juu ya kitu kilicho wazi, ilhali ndani ya ghala la kawaida mwanga unaweza kuwa lakisi mia mbili tu. Tofauti hiyo ya mara mia tano huvukwa na mfanyakazi kwa hatua kumi, anapotoka stoo kwenda kwenye lori. Juani taa za skana humezwa, na doa jekundu la kulengea halionekani. Wabunifu waliofikiria hali hii hufanya mambo matatu: huweka mbele ya lenzi kichujio kinachopitisha rangi ya taa zake pekee, huwasha taa kwa mdundo mfupi na mkali unaoendana na kihisi kinachopiga picha nzima kwa wakati mmoja, na hutumia doa la kijani la kulengea, kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani vizuri kuliko nyekundu. Asiye na skana ya namna hiyo anaweza kujisaidia kwa kivuli cha mwili wake juu ya tagi. Hata turubai dogo juu ya sehemu ya kukagulia linaweza kuongeza usomaji kuliko kubadilisha kifaa, na gharama yake ni ndogo mno.

Hoja zinazopingana na msimamo huu zipo, na zinastahili kujibiwa moja moja. Ya kwanza ni simu. Kwa nini kununua skana ya bei kubwa wakati kila mtu ana kamera mfukoni? Ushahidi wa Afrika Mashariki unaonyesha kwamba simu inafaa, lakini kwa kazi yake. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoanzisha stempu za kodi za kielektroniki mwaka 2019, iliwapa wananchi programu ya Hakiki Stempu. Kenya ina Soma Label. Mnunuzi mmoja mwenye chupa moja mkononi ana muda wa kuigeuza, kuifuta na kusubiri kamera itulie. Mfanyakazi wa ghala hana muda huo. Taa ya simu imekaa milimita chache kutoka kwenye lenzi, mahali pabaya kuliko pote kwa kitu kinachong'aa, na kihisi chake husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mkono ukitembea msimbo unapinda. Kwa ukaguzi wa hapa na pale, simu inatosha na pesa ibaki. Kwa mizigo mia kwa saa, haitoshi.

Hoja ya pili inasema programu za leo, zikiwemo za akili bandia, husoma misimbo iliyoharibika, kwa hiyo taa si suala tena. Hapa kuna kuchanganya mambo. Misimbo ya QR na Data Matrix hutumia hesabu za Reed na Solomon za mwaka 1960, na QR ya kiwango cha juu inaweza kupoteza asilimia 30 hivi ya data yake na bado ikasomeka. Uwezo huo ni wa kweli. Lakini hesabu hizo hurudisha kilichopotea kwa kutumia kilichobaki, na mng'ao ukifunika alama za pembeni zinazoionyesha programu msimbo uko wapi, hakuna pa kuanzia. Msimbopau wa mistari hauna hata kinga hiyo. Una tarakimu ya ukaguzi tu, inayoweza kukataa kosa bila kulirekebisha. Programu nzuri huongeza thamani ya picha nzuri. Mwanga ambao haukuingia kwenye lenzi haurudishwi na hesabu yoyote.

Ya tatu, na kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inasema tuboreshe uchapaji badala ya skana. Tagi isiyong'aa, msimbo mkubwa kidogo, wino mweusi kwenye kaki, pau ndefu: haya yote ni rahisi kuliko vichujio vya polaraizi. Nakubali kabisa, na palipo na mamlaka juu ya lebo ndipo pa kuanzia. Lakini Rusizi ni mahali pa kupitia. Boksi la dawa, beringi na gunia la madini vimechapwa alama zake kwingine, na watu ambao hawataulizwa na ghala la Kamembe. Anayepokea mzigo wa wengine hana budi kuwa na kifaa kinachovumilia lebo za wengine.

Ya nne inagusa uaminifu wa mfumo mzima. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba tagi za ITSCI zilitumika kuhalalisha madini ya magendo, na mwaka huohuo RMI, mpango wa kimataifa wa madini yanayopatikana kwa uwajibikaji, uliacha kuitambua ITSCI. Basi skana bora ina faida gani kama tagi halali inaweza kufungwa kwenye gunia haramu? Jibu la haki ni kwamba skana haithibitishi ukweli wa mgodi, na yeyote anayeiuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Inachofanya ni kuondoa kisingizio. Pale ambapo nusu ya tagi hazisomeki, namba huandikwa kwa mkono, baadaye, kwa kumbukumbu, na pengo hilo ndilo mlango wa udanganyifu. Kila tagi ikisomeka papo hapo, pamoja na saa na mahali, uongo unabaki unawezekana lakini unaacha alama ambayo mkaguzi anaweza kuifuatilia.

Kutokana na haya yote, ushauri kwa wanaonunua vifaa hivi, wawe ni kiwanda, chama cha ushirika, bohari ya dawa au idara ya serikali, unajitokeza wenyewe. Zabuni isianze na pikseli. Iseme ni nyuso zipi zitasomwa: plastiki inayong'aa, kaki, chuma kilichogongwa nukta, chupa ya duara. Iseme kisanduku au mstari mdogo kuliko yote una upana gani, umbali wa karibu na wa mbali ni upi, na mwanga wa mahali ni wa lakisi ngapi gizani na juani. Imtake muuzaji aeleze taa zake ni za rangi gani, zinaingia kwa pembe gani, kama zina polaraizi, kihisi kinapokea mwanga kwa muda gani, na kama kioo cha mbele kinabadilishwa. Kisha vifaa vijaribiwe kwa lebo za kazi yenyewe, zilizochafuka kama zinavyochafuka, mikononi mwa wafanyakazi watakaovitumia, mara moja ndani ya stoo yenye giza na mara moja nje saa sita mchana. Ihesabiwe ni lebo ngapi zimesomeka kwa jaribio la kwanza. Skana isiyopita jaribio hilo isinunuliwe, hata ikitolewa kwa nusu bei.